Filamu ya polyesta kwa picha za upimaji wa angani: nzuri, ila ina masharti yake

Mpima ramani anayehamia filamu ya polyesta kutoka ile ya asetati, plastiki ya zamani zaidi, ananunua kitu kimoja kikubwa: utando, yaani plastiki inayobeba tabaka la picha, usioyumbishwa sana na unyevu. Kodak waliuita Estar, DuPont wakauita Cronar. Hesabu yake ni hii. Fremu ya sentimita 23 kwa 23 ikioshwa katika hewa ya unyevu wa asilimia 80, kama ya Dar es Salaam, kisha ikaskaniwa kwenye chumba chenye kiyoyozi cha asilimia 50, polyesta husinyaa takriban milimita 0.14 kwa upande mmoja. Asetati hufika 0.4. Kwa picha ya kipimio 1:10,000, hiyo ni mita 1.4 ardhini dhidi ya mita 4.

Kusinyaa sawasawa si tatizo kubwa, kwani alama rejea za pembeni mwa fremu hukusahihisha. Balaa ni utando kuvutika upande mmoja kuliko mwingine, na mara nyingi chanzo ni mashine ya kukaushia: joto limezidi, rola zake zinavuta filamu mno.

Kwa hiyo jaribu kabla ya kurusha ndege. Gizani, laza bamba la kioo lenye gridi juu ya kipande cha filamu, piga mwanga, osha kama kawaida. Kiache usiku kucha kwenye nyuzi 23 na unyevu wa asilimia 50, kisha pima makutano ya gridi kwa komparata, chombo cha kupimia nafasi za nukta kwenye picha kwa usahihi mkubwa, kwa urefu na kwa upana. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ndiyo ya kuitazama. Usipime kipande kilichotoka sasa hivi kwenye roli nzima: unyevu huingilia kingoni, kingo hutanuka kabla ya katikati, na filamu hukaa na mawimbi pembeni.

Kero zake zipo. Kwenye hewa kavu na baridi ya juu, filamu ikivutwa haraka hutoa cheche, na negatifu hujaa vijitawi vyeusi kama mizizi. Dai yenye tabaka la kuzuia umeme tuli mgongoni. Utando ukiwa wa kuonyesha ng'ambo, usio na rangi kabisa, mwanga huingilia ukingoni na kusafiri ndani yake hadi kwenye fremu, hivyo kaseti ipakiwe gizani, si kivulini. Halafu haikatiki! Kamera ikikwama, asetati hukatika yenyewe. Polyesta hungoja gia zikatike. Gundi ya kuungia asetati nayo haiishiki. Tumia tepu maalumu.

Unene? Wa milimita 0.10 hutoa roli ya mita 120, wa 0.06 hadi mita 150. Mita 30 za ziada zinashawishi, lakini ule mwembamba hukunjamana kwa urahisi kwenye bamba la kufyonza hewa linaloilaza filamu bapa ndani ya kamera, na fremu isiyolala bapa haifai kwa ramani. Chukua 0.10.

Filamu iliyotoka kwenye friji ipate joto la chumba ikiwa bado imefungwa, la sivyo umande utatanda juu ya emalsheni, tabaka linalonasa picha. Na ghalani, itenge na asetati kuukuu inayonuka siki, maana mvuke wake huharibu filamu za jirani.