Puppy: programu huria ya kutoa rekodi kwenye kinasa cha Topfield

Tarehe 24 Agosti 2008, Samuel Wanjiru aliposhinda marathoni ya Olimpiki mjini Beijing kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32, kinasa changu cha Topfield TF5000PVRt, kinachohifadhi vipindi vya televisheni kwenye diski yake, hapa Australia, kilikuwa kikirekodi. Rekodi hiyo nimeitunza miaka yote hii, na kilichoniwezesha kuihamishia kwenye kompyuta ya Linux ni Puppy, programu ndogo ya bure iliyoandikwa na Peter Urbanec na kutolewa kwa leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuitumia na kuibadilisha.

Kuchomoa diski na kuipachika kwenye kompyuta kusingenifaa, kwa sababu Topfield hupanga faili kwa mfumo wake wenyewe ambao kompyuta ya kawaida haiutambui. Njia iliyobaki ni tundu la USB, na programu ya kampuni kwa kazi hiyo, Altair, ilikuwa ya Windows. Hapo ndipo ninapoithamini sana kazi ya Urbanec: Puppy huwasiliana na kinasa kwa itifaki yake chenyewe, yaani lugha yake ya mawasiliano, pakiti (kifurushi kidogo cha data) baada ya pakiti, na kila pakiti hubeba namba ya ukaguzi ambayo programu huilinganisha na hesabu yake, ili data iliyoharibika njiani isipite kimyakimya.

Haina madirisha wala vitufe. Kila kitu huandikwa kwa amri. Mara ya kwanza nilipotaja folda ya rekodi, \DataFiles, nilisahau kwamba Linux humeza mshazari huo ukiwa mmoja, nikahangaika mpaka nilipoandika miwili. Ndipo orodha ikashuka yote, majina pamoja na ukubwa wa faili. Nikatoa amri ya get, ya kuleta faili, nikaacha waya utulie. Ipo pia amri ya turbo inayoharakisha uhamishaji, lakini usiiwashe wakati watu wa nyumbani wanatazama televisheni, kwani kinasa huzama katika kazi hiyo kikaacha kuitikia rimoti.

Uhuria wake umezaa matunda. Programu ya ftpd-topfield, ambayo wengi waliiendesha kwenye Linksys NSLU2, kifaa kidogo cha kuunganisha diski na mtandao, ilijengwa kwa kutumia sehemu ya msimbo wa Puppy, na kwa njia hiyo kinasa kikafikika kupitia mtandao wa nyumbani. Mwenye faili nyingi za kuhamisha nitampendekezea hiyo. Kwa faili chache, Puppy inatosha kabisa.

Faili inayotoka ina kiambishi cha .rec, nami niliisafisha kwa ProjectX, programu nyingine huria inayoielewa miundo ya Topfield. Picha ni ileile iliyorushwa siku ile, bila kupungua ubora. Wanjiru alifariki mwaka 2011. Nakala ya kwanza nimempelekea mjomba wangu aliyeko Nyahururu, Kenya.