Kamera ya filamu fupi kwa pesa kidogo: 4K au 1080p, na fremu ngapi kwa sekunde?

Rezolusheni, yaani idadi ya pikseli (vinukta) zinazounda picha, hulipiwa mara mbili: unapoinunua kamera, na tena unaponunua memori kadi, diski na kompyuta ya kuhariria. Ndiyo maana kwenye orodha yangu kamera yenye pikseli nyingi kuliko zote imeshika mkia.

Ya kwanza ni 4K kwa fremu (picha mojamoja zinazounda video) 24 au 25 kwa sekunde, filamu ikamilishwe kwa 1080p. 4K ya kawaida ina pikseli 3840 kwa 2160, mara nne ya 1920 kwa 1080 za 1080p. Ukiipunguza, kamera nyingi za bei nafuu hutoa picha kali kuliko 1080p yao yenyewe. Tena unabaki na nafasi ya kukata: katika picha ya watu wawili, mmoja akiharibu na mwenzake akapatia, unamsogelea aliyepatia na tukio linapona.

Piga hesabu mapema, maana wengi hukwama hapa. Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa. Filamu ya dakika 10, ukirekodi mara kumi ya urefu wake, inafika gigabaiti 75. Weka kila kitu kwenye diski mbili, basi unahitaji 150. Kompyuta ikilemewa, hariri kwa nakala nyepesi, kisha rudisha faili halisi mwishoni. Kabla ya kulipa, iache kamera irekodi 4K nusu saa mfululizo uone kama itapata joto na kujizima. Angalia pia kama kamera inatumia kipande tu cha senso (sehemu inayonasa picha) ikiwa kwenye 4K, kwa sababu hapo lenzi yako pana haitakuwa pana tena.

Ya pili ni 1080p kwa fremu hizohizo. Kama tofauti ya bei inatosha maikrofoni nzuri na taa moja, ichukue hii bila kusita; mazungumzo yasiyosikika hayaokolewi na pikseli. Hata kwenye majumba ya sinema, kiwango cha 2K ni pikseli 2048 kwa 1080, tofauti ndogo mno. Na kama unapenda kucheza sana na rangi, mimi ningechagua 1080p ya biti 10 kuliko 4K ya biti 8: kila rangi ya msingi ina ngazi 1024 badala ya 256, na anga halitoki na michirizi.

Fremu 50 au 60 nimezipa nafasi ya tatu, kwa matukio ya mwendo wa taratibu pekee. Fremu 50 zikichezwa kwa 25, mwendo unapungua nusu. Ukirekodi filamu nzima hivyo, itafanana na matangazo ya mpira. Giza nalo linaongezeka, kwani shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) ikitoka sekunde 1/50 kwenda 1/100 mwanga hupungua nusu.

6K na 8K ziache. 8K ina pikseli mara 16 ya 1080p, na bajeti ndogo haina pa kuziweka.

Kati ya 24 na 25, umeme wa mahali unaporekodi ndio uamue. Penye umeme wa hezi 50, chagua 25 na shata 1/50, taa hazitapepesa. Penye hezi 60, chagua 24, na taa zikipepesa weka shata 1/60. Ukishachagua, kamera zote zifuate idadi hiyohiyo.

Wanaorekodi kwa simu wawe waangalifu zaidi. Simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu zenyewe mwanga unapopungua, kisha sauti iliyorekodiwa pembeni inaachana na midomo. Tafuta programu ya kamera inayofunga fremu, shata na mwanga, na uijaribu kwa tukio refu la mazungumzo kabla waigizaji hawajafika.