Nimeuza magitaa mawili Tanga bila kupunjwa: uzoefu wangu na fundi wa mali kauli

Elfu tisini kwa lile kavu, laki na nusu kwa la umeme. Ndivyo nilivyoambiwa kwenye duka la kwanza nililoingia hapa mjini Tanga, na mwenye duka hakufungua hata zipu ya begi mpaka mwisho. Alichungulia kichwa cha gitaa, akasoma jina, akarudi kwenye simu yake. Nilipouliza mbona chini hivyo, akanijibu, "Kaka, hayo si mapya." Ni kweli si mapya. Lakini na mimi sikwenda pale kuomba sadaka.

Magitaa yenyewe ni haya. La kwanza ni Yamaha F310, gitaa kavu lisilo la umeme, nililonunua jipya Kariakoo mwaka 2016 kwa 380,000. La pili ni Squier Stratocaster nililouziwa na rafiki aliyekuwa anahamia Mwanza. Nilikuwa napiga ridhim kwenye kibendi chetu cha Makorora, cha harusi na vipaimara. Kikafa kama vibendi vinavyokufa: mmoja kaoa, mwingine kahama, mwenye spika kanuna. Magitaa yakaning'inia ukutani miaka miwili. Mke wangu akaniambia ama nipige ama niuze, maana ile misumari anaitaka kwa mapazia.

Baada ya kutoka dukani nikajaribu kuuza mwenyewe kwa simu. Nikapiga picha mbili tatu, nikaziweka kwenye kundi la matangazo. Ujumbe ukaanza kumiminika, wote "mwisho ngapi?" bila salamu. Mmoja tu ndiye aliyekubali bei yangu yote, tena bila kuuliza swali hata moja kuhusu gitaa, na hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka. Alidai yuko Dar, anatuma hela sasa hivi, mimi nilipeleke gitaa stendi ya Kange lipakiwe kwenye basi la jioni. Meseji ikaingia kweli: umepokea 300,000, na jina langu limo. Nilikuwa nimeshavaa viatu. Mwanangu wa kidato cha pili ndiye aliyesema, "Baba, mbona imetoka kwenye namba ya kawaida?" Nikaangalia salio. Lilikuwa elfu nne na mia mbili, vilevile kama asubuhi.

Ndipo mpiga besi wetu wa zamani akanielekeza kwa fundi mmoja Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Jina lake siliandiki kwa sababu nina malalamiko mawili nitakayoyataja huko mbele, na mzee wa watu hayupo hapa kujitetea.

Utaratibu wake ni mali kauli. Unamwachia gitaa, analitengeneza, analiuza kibandani kwake, anakata asilimia 10, inayobaki yako. Gharama za matengenezo unalipa wewe, liuzike lisiuzike. Hilo la mwisho alilirudia mara mbili, kisha akaniuliza nimesikia nini.

Ukaguzi wake peke yake ulikuwa darasa. Alilichukua lile Yamaha, akaliinua usawa wa jicho, akatazama kando ya shingo kuanzia kichwani kama mtu anayelenga bunduki. Shingo ilikuwa imeinama kidogo kwenda mbele. Akaweka rula kwenye freti ya 12 (freti ni vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo), chini ya uzi wa sita, ule mnene. Nafasi ilizidi milimita nne. Gitaa lililokaa sawa huwa na mbili na nusu hivi.

"Mwanangu, hili ulikuwa unapiga kwa vidole au kwa koleo?"

Kisha akachukua kipande cha karatasi, akakisukuma nyuma ya daraja, pale nyuzi zinapofungwa. Kikaingia. Gundi ilikuwa imeanza kuachia na mimi nilikuwa nikilitazama gitaa lile kila siku. Alinieleza kwamba nyuzi sita za chuma zikikazwa zinavuta kwa pamoja uzito wa kilo 70 hivi, mchana na usiku, hata ukiwa umelala. Sasa weka mvuto huo kwenye nyumba ya Tanga: masika mbao inakunywa unyevu, uso wa gitaa unavimba, daraja linainuka nao. Kiangazi joto linailainisha gundi. Na mimi nilikuwa nimelitundika ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Kama hulipigi, alisema, legeza nyuzi kidogo na uliweke kwenye begi, mbali na dirisha.

Aibu kubwa ilikuwa ubao wa freti. Aliupitisha kidole, akakinusa, akaniangalia. Mafuta ya nazi. Ndiyo, nilikuwa nikiupaka mafuta ya nazi ung'ae, na ulikuwa uking'aa, kwa siku mbili. Baadaye vumbi lote la mtaani linakuja kuganda humo. Alikwangua uchafu uliotosha kupanda mchicha.

La umeme lilikuwa na nafuu. Kitufe cha sauti kilikuwa kikikwaruza kama redio ya mbao, akakipulizia dawa, akakizungusha mara thelathini, kikanyamaza. Skrubu za chini ya nyuzi zilikuwa zimeota kutu ya upepo wa bahari. Nilidhani atazibadilisha. Akazisugua tu kwa mswaki na mafuta mepesi, akaziacha na rangi yake. Mnunuzi akiona skrubu mpya kwenye gitaa la zamani, alisema, anaanza kutafuta ulichoficha.

Kwenye bei ndiko nilikokuwa mjinga kabisa. Mimi nilikuwa nikijumlisha niliyonunulia na mapenzi yangu. Yeye akanipa simu, nikapigia maduka matatu ya Kariakoo kuuliza F310 jipya linauzwaje leo. La chini kabisa nililotajiwa lilikuwa 450,000. Kanuni yake: gitaa zima, lililotengenezwa, lisilo na ufa, ni sita katika kumi ya bei ya jipya. Yaani 270,000. Likiwa na ufa au shingo isiyonyooka, shuka mpaka nne. Zaidi ya saba, kaa nalo mwenyewe. La umeme tulikubaliana lianzie 500,000, lisishuke chini ya 420,000.

Nikataka kuchomekea maneno. Kwenye kichwa cha lile la umeme imeandikwa Squier kwa herufi kubwa, na chini yake kwa herufi ndogo jina la Fender, kwa kuwa Squier ndilo jina ambalo Fender wenyewe wanauzia magitaa yao ya bei nafuu. Nikasema tuandike Fender, si uongo. Mzee akakataa. "Andika Squier. Anayejua atajua leo, asiyejua atajua kesho, na kesho hiyo atakuja kwangu, si kwako." Hata kwenye Yamaha alitaka iandikwe kwamba ubao wa uso ni wa tabaka zilizogandishwa, si kipande kimoja cha mbao, maana kipande kimoja kina bei yake nyingine.

Halafu hadithi. Mzee huyu akianza habari za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, enzi Tanga ina bendi mbili za kushindana, kazi inasimama. Atakueleza ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walivyopitia Jamhuri hapa kabla ya kwenda Arusha na baadaye Kenya, wakaunda bendi ya Simba Wanyika. Lakini hata hapo hakuacha biashara: kila gitaa kuukuu linaloletwa kwake, anasema, mwenyewe anadai liliwahi kupigwa na Atomic. "Ukiambiwa hivyo ongeza macho, usiongeze hela."

Yote tuliyokubaliana aliyaandika kwenye daftari lenye kaboni: namba ya gitaa, kasoro moja moja, bei ya chini, asilimia yake, tarehe. Tukasaini wote wawili, nikabaki na nakala. Kama unampelekea mtu mali kauli na hakuna karatasi ya namna hii, rudi nayo nyumbani.

Yamaha iliondoka siku ya tisa, nami nilikuwepo. Alikuja mwalimu wa kwaya kutoka Muheza na kijana wake mpigaji. Kabla kijana hajalishika, mzee akamwonyesha daraja: "Hapa paliachia, nimepagandisha, alama ndiyo hii." Moyoni nikasema basi, ameshaua biashara. Kijana akapiga kama dakika ishirini, freti kwa freti mpaka juu kabisa, akasikiliza kila moja. Mwalimu akaomba apunguziwe elfu ishirini. Mzee akatikisa kichwa, kwa upole, bila maneno. Mwalimu akahesabu 270,000 taslimu. Baadaye mwalimu akaniambia mwenyewe: kama asingeonyeshwa ule ubovu, angeomba apunguziwe hamsini, kwa hofu tu.

La umeme sasa. Lilikaa wiki sita, na hapa ndipo malalamiko yangu yalipo. Kwanza mzee hapokei simu. Ukitaka habari za mali yako, panda bodaboda umfuate, na usiende Ijumaa mchana. La pili ni zito. Jumamosi moja nilipita nikakuta msumari mtupu. Nikadhani limeuzika, nikaanza kutabasamu. Kumbe ameliazima kwa kijana fulani kwenda kupiga harusini Pongwe. Nilipohamaki akasema, "Gitaa lisilopigwa halinunuliwi, baba, huko ndiko linakoonekana." Labda. Lakini karatasi haikusema hivyo, na lilirudi na mkwaruzo mdogo nyuma ambao haukuwemo kwenye orodha ya kasoro. Akaukubali, akapunguza kwenye fungu lake elfu kumi na tano. Ukienda kwake, mwandikishe kabisa kwamba halitoki kibandani.

Hatimaye liliuzwa 430,000 kwa mwanafunzi mmoja aliyeletwa na mjomba wake.

Hesabu, kwa wanaopenda hesabu: Yamaha ilinigharimu 55,000 za nyuzi mpya na kugandisha daraja, na 27,000 za mzee, ikabaki 188,000. Squier ilikula 40,000 za nyuzi na usafi, na 43,000 ambazo baada ya ule mkwaruzo zikawa 28,000, ikabaki 362,000. Jumla 550,000. Dukani ningepewa 240,000 siku hiyohiyo, na kwa mwenye mgonjwa ndani au ada ya kesho, ile ya siku hiyohiyo nayo ina thamani yake. Mimi sikuwa na haraka. Nampa mzee nyota nne kati ya tano. Ya tano ilibaki Pongwe.

Wiki iliyopita yule mwanafunzi alinipigia, namba alipewa na fundi. Alikuta kapo yangu, kile kibanio cha nyuzi kinachobanwa shingoni mwa gitaa, kwenye mfuko wa begi, akauliza airudishe wapi. Nikamwambia akae nayo. Akashukuru, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: na amplifaya je, kaka, utaiuza?

Nikamwambia hapana, na mke wangu aliyekuwa jikoni akakohoa.