Memori ya kamera: kabla hujatoa hela soma vile viandishi vidogo

Asalaam aleykum jamani, karibuni tena. Tokea Idi imepita na harusi zimefunguka nnaulizwa jambo moja tu, memori gani niweke kwenye kamera, basi leo nna kadi tatu hapa mezani tuzitizame moja moja.

Hii ya kwanza SanDisk Extreme PRO, GB 128. Naisogeza karibu muone uso wake. Mnaiona hiyo namba kubwa, 200MB/s? Ndo inayouza kadi hiyo, ukenda Darajani muuzaji kidole chake kinatua hapohapo. Sasa hiyo ni spidi ya kusoma, yaani pale unapovuta picha kwenye kadi uzipeleke kwenye laptopu, haihusu kamera inaporekodi. Kuandika wenyewe wanasema mpaka 90. Na hiyo 200 nayo huipati kwa kadi rida yoyote tu, kwa sababu kadi hizi ni UHS-I, hiyo ndo aina ya njia data inayopitia, na kwa kawaida UHS-I inaishia MB 104 kwa sekunde, ya kuzidi hapo ni ufundi wa kampuni na unataka rida inayoelewana nayo. Mie rida yangu ya kawaida, nachomeka, nakunywa chai, narudi picha zishaingia.

Namba ya kununulia ni hii ndogo hapa chini, V30. Maana yake kadi imeahidi kuwa ukirekodi video mfululizo haishuki chini ya MB 30 kwa sekunde. V60 inaahidi 60, V90 inaahidi 90, basi, hakuna uchawi.

Sasa unahitaji ipi? Twende hesabu kidogo msikimbie. Chukua kamera ya Sony a6400, video yake ya 4K, ile kali kuliko full HD, kwa kiwango cha juu inarekodi megabiti 100 kwa sekunde. Biti hizo, siyo baiti, na hapa ndo watu wengi wanapochanganywa, gawa kwa 8 unapata MB 12.5. Kumbe V30 inakutosha na chenji inabaki! Sasa mtu akikwambia kwa kamera hiyo lazima ununue V90 huyo anaitaka hela yako, tena kijumba cha kadi cha a6400 ni cha UHS-I, hata ukitia UHS-II yenye safu mbili za pini kwa nyuma itafanya kazi lakini kwa mwendo wa hizi hizi za kawaida. V60 utaitafuta siku ukiwa na kamera inayorekodi megabiti 400, hapo ni MB 50 kila sekunde na V30 haikuahidi hivyo.

Ya pili hii SanDisk Ultra, imeandikwa C10 na U1, ahadi yake MB 10 tu. Kwa picha za kawaida na video za full HD haina neno, mwenye Canon 700D asijitie gharama. Lakini itie kwenye ile a6400 uchague 4K ya 100, kamera yenyewe inakataa, inataka U3, yaani ahadi ya MB 30 kama ile V30. Na kwa picha utaiona tabu yake pale bibi harusi anapoingia ukumbini, vigelegele vimepanda, wewe umeshikilia kitufe zinakwenda mfululizo, mara kamera imeganda inasubiri kadi imalize kuandika, na bibi harusi hasubiri mtu.

Ya tatu hii nimeinunua makusudi kwa ajili yenu. GB 512, jina lake hata sijui tulisomeje, na bei yake haifiki nauli ya boti ya kwenda Pemba. Laptopu inaiona ni ya 512, ukiitizama tu huwezi kujua. Nimeijaza kwa programu inaitwa H2testw, ya bure, ya Windows, wenye Mac na Linux tafuteni F3. Inaandika data mpaka kadi ijae halafu inairudia kuisoma kama iko salama. Jibu, nzima ni kama GB 30 hivi. Ndani wameipanga idanganye ukubwa wake, kwahiyo mwanzo utapiga vizuri tu, ikifika kikomo picha mpya ama zinaharibika ama zinazilalia za zamani, na wewe huna habari mpaka ufike nyumbani. Kwahiyo kadi mpya yoyote, hata ya duka unaloliamini, ipitishe humo kwanza. Hii ya 128 ilichukua kama saa hivi.

Ukubwa je? Kwa hizo megabiti 100 saa moja inakula GB 45, kwahiyo 64 inakupa saa na dakika ishirini na kitu, 128 kama saa tatu kasoro. Mie nashika 128 mbili, sitaki 512 moja. Ya akdi ikimalizika naitoa, naitia mfukoni, ya ukumbini naanza na nyengine, ikifa moja haifi na harusi yote. Wenye kamera za vijumba viwili kama Sony a7 III rekodini kote kote kwa pamoja. Na wewe uliyenunua kamera kuukuu, angalia kwanza kama inakubali SDXC, yaani kadi za kuzidi GB 32, nyengine zinaishia SDHC, yaani GB 32.

Fomati, yaani kuisafisha kadi yote ianze upya, ifanye ndani ya kamera, siyo kwenye laptopu. Ukifuta kwa bahati mbaya usipige hata picha moja juu yake, itoe, jaribu PhotoRec, programu ya kurudisha picha zilizofutwa, bure nayo.

Eh, na kamera ikikwambia kadi imefungwa, kabla hujampigia fundi kitizame kile kijitufe cha pembeni ya kadi, huwa kinashuka chenyewe ukiwa unaichomeka.