Filamu za dunia iliyoteketea: uzoefu wangu katika duka la muvi mjini Malindi

Mwezi uliopita nilipeleka flashi yangu katika duka moja la muvi hapa mjini, pamoja na orodha ya filamu sita za miaka ya 1980, zote za aina ile ambayo vita vya nyuklia vimekwisha kuiteketeza dunia na walionusurika wanauana kwa ajili ya petroli na maji. Kijana aliyenihudumia hakuwahi kuzisikia, lakini alizichukulia kwa uzito. "Nipe siku tatu, mzee, nitakutafutia," aliniambia, na siku ya tatu alikuwa amezipata tano, kwa shilingi 50 kila moja.

Filamu hizi nilizipenda tangu utotoni, tulipokuwa tukibanana juu ya mabenchi katika kibanda cha video cha mtaani, na stelingi tukimtambua kwa gari lake kabla hatujalijua jina lake. Baadaye ndipo nilipofahamu zilikotoka. Mad Max 2 ya Australia ilipovuma baada ya kutolewa mwaka 1981, watayarishaji wa Italia waliifuata mbio kwa bajeti ndogo, na waigizaji wao wengi wakajipa majina ya Kiingereza ili filamu ziuzike nje.

Niliyoanza nayo ni I nuovi barbari ya Enzo G. Castellari, ya mwaka 1983, na hiyo peke yake ingenitosha. Kisa chake kimewekwa mwaka 2019. Kundi la wauaji waliovaa nyeupe linazunguka jangwani kuwamaliza binadamu waliobaki, likiongozwa na George Eastman, ambaye jina lake halisi ni Luigi Montefiori. Fred Williamson, Mmarekani aliyewahi kucheza kandanda ya kwao kwa kulipwa, anapiga mishale inayolipuka, naye stelingi anaendesha gari lenye kuba linalopitisha mwanga. Ukiyatazama magari hayo kwa makini unaona mabati na plastiki vilivyobandikwa juu ya magari ya kawaida, na kwangu utamu wote umo humo, kwa sababu naiona kazi ya fundi aliyepewa vipande vichache akaambiwa atengeneze mwisho wa dunia. Aliyekulia karibu na mafundi wa jua kali anaijua akili hiyo na anaiheshimu. Jangwa lenyewe mara nyingi lilikuwa machimbo ya nje ya jiji la Roma, ingawa mimi, niliyeshuka mara nyingi katika makorongo mekundu ya Nyari kule Marafa, niliamini kila hatua.

Stryker, iliyotengenezwa Ufilipino na Cirio H. Santiago mwaka huohuo, ni dhaifu zaidi kwa hadithi, lakini ugomvi wake ni wa maji. Sisi ambao maji yetu yanatoka Baricho, na ambao tunajua jinsi bei ya dumu la lita 20 inavyopanda mifereji inapokauka, hatuhitaji kuelezwa kwa nini watu wanalifukuzia lori la maji kwa bunduki.

Kuhusu huduma, nina malalamiko mawili. Picha ya Stryker ilikuwa imevutwa kwa upana hata nyuso zikawa bapa, na filamu nyingine ilikatika dakika kumi kabla ya mwisho. Niliporudi, kijana alizibadilisha zote mbili bila malipo. Nilimwomba pia I nuovi barbari yenye sauti ya Kiitaliano, lugha niliyojifunza kwa miaka mingi ya kuwatembeza wageni, naye akaipata baada ya wiki moja. Hata hiyo midomo na maneno haviendi pamoja, kwa kuwa Italia wakati ule ilikuwa kawaida sauti kurekodiwa studioni baada ya picha kupigwa. Niliitazama na jirani yangu aliyepika miaka mingi katika hoteli ya Waitaliano, na tulipofika mwisho aliomba tuirudie kuanzia pale gari la kuba linapotokea.

Kwa anayetaka kwenda: beba flashi yenye nafasi ya kutosha, andika mwaka wa kila filamu pembeni ya jina lake kwa sababu majina hubadilika kutoka nchi hadi nchi, na umwombe kijana akufungulie dakika za mwisho kabla hujalipa. Filamu yangu ya sita bado anaitafuta, nami nitapita tena Ijumaa baada ya swala.