Valvu ya kutoa hewa kwa paipu: iko sawa, lakini usiiweke popote

Nianze na jibu ndio mwenye haraka aende zake: hii kitu inafanya kazi, naipa nne kwa tano. Hiyo moja nimeikata si kwa sababu ya valvu yenyewe ni venye inauzwa, unapewa kwa kaunta ndani ya kanailoni, hakuna karatasi ya maelezo, na ukiuliza unaambiwa "weka tu popote kwa laini, itatoa hewa". Si popote jameni.

Kama hujaiona, ni kachupa ka shaba urefu wa kidole, chini kako na nyuzi za nusu inchi na juu kuna kifuniko kidogo cheusi cha plastiki. Ndani mna boya. Maji yakijaa boya linapanda linaziba katundu ka juu, hewa ikikusanyika maji yanashuka na boya linashuka nayo, katundu kanafunguka, unasikia fsss, maji yanarudi kanajifunga. Hakuna stima hakuna betri. Nililipa chini kidogo ya elfu moja, hadiwea moja hapa Nakuru mjini. Ziko za nusu ya hiyo bei lakini nikizishika naona ni nyepesi mno, nikaachana nazo.

Sasa shida yenyewe, na najua hapa Kiamunyi si kwangu pekee. Maji ya mfereji yakipotea siku mbili tatu paipu zinabaki tupu, yakirudi yanasukuma hewa mbele, koki inakohoa na kutema, shawa ya moto inawaka inazima inawaka inazima. Ya shawa ndio iliniuma, kwa sababu ile koili ya ndani lazima ifunikwe na maji muda wote, hewa ikipita hapo koili inawaka ikiwa kavu na hiyo ndiyo njia ya haraka ya kuiunguza, na koili mpya pamoja na fundi wa kuibadilisha si pesa ya kuokota.

Kabla ya kuifunga nilitaka nione hewa inafanyanga nini ndani ya paipu. Nikatafuta hosi ya kuona ndani, ile pana ya inchi moja, nikaipitisha juu ya ukuta wa uani ikapanda upande huu ikashuka ule, nikafungua koki pole pole. Ukiona hiyo kitu mara moja huhitaji kuelezwa tena. Vipovu vinapanda na maji bila shida mpaka pale juu kwa nundu, halafu vinaanza kuungana, viwili vinakuwa kimoja, kimoja kinameza kingine, mpaka linakuwa povu moja refu limelala kwa mgongo wa hosi na maji yanapita chini yake kwa kanjia kembamba. Na haliendi. Linasukumwa kidogo upande wa kushuka, kama shubiri moja hivi, mkia wake unakatika-katika vipovu vidogo ambavyo vinaburutwa, lakini lenyewe linarudi juu huku maji yanashuka, linakaa pale kama matatu iko steji inangoja kujaa.

Hesabu yake si ngumu. Povu linalojaza paipu ya inchi moja iliyosimama wima hupanda karibu sentimita 17 kwa sekunde. Maji yakishuka pole pole kuliko hiyo, povu linashinda, yakishuka kwa kasi kuliko hiyo linaburutwa. Kwa paipu ya inchi moja hiyo kasi ni kama lita 5 kwa dakika, yaani mtungi wa lita 20 ukichukua zaidi ya dakika 4 kujaa basi hewa yako iko pale pale, acha koki wazi mpaka kesho haitoki. Ndio maana wazee wanakuambia ufungue koki zote pamoja maji yakirudi, na wako sawa kabisa, maji mengi yanapita kwa paipu kubwa kwa mara moja na kasi inapita hiyo ya povu. Na usidhani paipu ikiwa mshazari itakusaidia, hapo povu linapanda haraka hata zaidi. Kitu cha ajabu ni hizi paipu nyembamba, chini ya milimita 5, povu likijaa humo halipandi kabisa hata ukisimamisha paipu wima, linakwama tu.

Kwa hivyo valvu inataka mahali pa juu kabisa, pale paipu inamaliza kupanda ndio ianze kushuka. Fundi aliyekuja alitaka kuifunga chini karibu na mita ya maji kwa sababu hapo hapandi ngazi. Nikamwambia, fundi, hewa haiko hapo. "Bosi, hewa iko kila mahali." Nikamshikia ngazi tu. Ikawekwa juu ya mlango wa jikoni kabla laini haijashuka kwenda bafu, ikisimama wima maana ikiinama boya linakwaruza ukuta na halizibi vizuri. Na kile kifuniko cheusi lazima kilegezwe, ukikikaza hewa haina pa kutokea na utasema umeuziwa feki.

Tangu hapo maji yakirudi valvu inapiga fsss kidogo, koki inatema mara moja mbili halafu inatulia, na shawa haijazima katikati ya kuoga.

Wenye kisima na pampu, msiiweke upande wa kuvuta. Hapo presha ya ndani ya paipu iko chini ya hewa ya nje, kwa hivyo katundu kakifunguka kataingiza hewa badala ya kuitoa, na pampu itanguruma bure. Huku Nakuru tuko kama mita 1,850 juu ya bahari na hewa yenyewe ni nyepesi, pampu ya juu ya ardhi hata ikiwa mpya kabisa haiwezi kuvuta maji yaliyo zaidi ya mita 8 hivi chini yake, Mombasa ni karibu 10. Sasa ukiongeza tundu hapo umejimaliza.

Kuna mambo mawili haisaidii. Moja ni ile mita ya maji, ya kuzungusha haijui hiki ni maji hiki ni hewa, na valvu ikiwa baada ya mita basi hewa imeshahesabiwa kabla haijafika kwake. Pili ni yale maji yanatoka meupe. Hiyo ni hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji kwa sababu ya presha, presha ikishuka pale kwa koki inatoka ikiwa vipovu vidogo sana, vinavyopanda hata sentimita moja kwa sekunde kwa shida. Jaza glasi uangalie, weupe ukiisha kuanzia chini kwenda juu ni hewa tu, kitu kikitulia chini ya glasi huo ni uchafu.

Cha mwisho, mchanga. Maji yakirudi yanakuja na kila kitu na katundu kakishika mchanga kanaanza kudondosha, hapo unaifungua unaisugua na mswaki wa zamani. Mwambie fundi aweke koki ndogo chini ya valvu ndio usifunge maji ya nyumba nzima kwa ajili ya hiyo. Ya kwanza niliyopewa ilikuwa inavuja kwa maungio, hadiwea walinibadilishia bila maneno mengi, ila waliuliza risiti.