Darasa la leseni ya bastola Texas: linamfaa anayekwenda nayo chuoni?

Darasa la leseni ya kubeba bastola nililosoma hapa Houston lilinifundisha sheria ya kujilinda vizuri kuliko nilivyotarajia, lakini halikunieleza vya kutosha kuhusu mahali penyewe nilipokusudia kuitumia leseni hiyo, yaani chuo kikuu cha umma ninakofanya kazi maktabani. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wenzangu kutoka Afrika Mashariki wanaosoma au kufanya kazi katika vyuo vya jimbo hili, kwa sababu uamuzi wa kulipia darasa kama hili si wa mchezo, na kwa baadhi yetu unaweza kuleta matatizo makubwa na serikali.

Tangu Septemba 1, 2021, mtu mwenye umri wa miaka 21 au zaidi ambaye sheria haimzuii kumiliki silaha anaweza kubeba bastola Texas bila leseni, na ndiyo maana wengi hudhani kwamba darasa hili limepitwa na wakati. Chuoni hali ni tofauti. Sheria ya Seneti namba 11, aliyoitia saini Gavana Greg Abbott mwaka 2015, inamruhusu mwenye leseni tu kuingia na bastola katika majengo ya chuo cha umma, tena kwa sharti kwamba bastola hiyo ifichwe isionekane. Sheria hiyo ilianza kutumika katika vyuo vikuu Agosti 1, 2016, siku ambayo ilitimia miaka 50 kamili tangu Charles Whitman alipopanda mnara wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin na kuanza kuwapiga watu risasi. Vyuo vya jamii vikafuata mwaka mmoja baadaye. Iwe tarehe hiyo ilipangwa au ilitokea kwa sadfa, bado inaniuma kila ninapoikumbuka.

Sheria ya jimbo inataka masomo ya saa nne hadi sita, na inataja mambo ambayo mwalimu hana ruhusa ya kuyaacha: sheria za silaha na za matumizi ya nguvu za kuua, usalama wa bastola, njia za kutatua ugomvi bila vurugu, na namna ya kuihifadhi silaha ili mtoto asidhurike. Nadharia inaweza kusomwa kwa intaneti, lakini mimi nilichagua kukaa darasani na sikujutia, kwani sehemu iliyonigusa zaidi ilikuwa ya kutatua ugomvi, na sidhani ingeniingia vile vile kwenye skrini. Mwalimu wetu, polisi mstaafu, alitutaka tueleze kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, tungefanya nini dereva mwenye hasira akitufuata hadi kwenye maegesho, na kila aliyejibu kwa kuitaja bastola mapema aliulizwa kwa upole kwa nini hakuondoka kwanza. Alirudia kwamba leseni haimpi mtu mamlaka ya kuamua ugomvi wa watu wengine. Kwa sehemu hiyo pekee ninampa sifa zote.

Jaribio la shabaha lilikuwa jepesi. Mtu hupiga risasi 50, yaani 20 kutoka yadi 3, 20 kutoka yadi 7 na 10 kutoka yadi 15, na akipata pointi 175 kati ya 250 amefaulu. Shabaha yenyewe ni picha ya karatasi iliyotulia mahali penye mwanga wa kutosha. Katika ukumbi wa mihadhara watu wangekuwa wanakimbia na kupiga mayowe huku polisi wakiingia bila kujua nani ni nani, na hakuna chochote katika jaribio hilo kinachomwandaa mtu kwa hali hiyo. Lawama hii siielekezi kwa mwalimu, kwa kuwa kiwango hicho kimewekwa na jimbo.

Kasoro ninayomlaumu kwayo ni kwamba habari za vyuo alizipitia kwa dakika chache tu. Sheria namba 11 inampa kila mkuu wa chuo, baada ya kushauriana na wanafunzi na wafanyakazi, uwezo wa kutenga maeneo yasiyoruhusu bastola, mradi asiipige marufuku chuoni kote. Matokeo yake, kanuni za chuo kimoja hazifanani na za kingine: Austin imeikataza bastola katika mabweni isipokuwa kwa hali chache, wakati Texas A&M inamruhusu mwenye leseni kukaa nayo bwenini; huko Austin mhadhiri mwenye ofisi yake binafsi anaweza kuikataa humo, ingawa hawezi kuikataa katika chumba anachofundishia. Vyuo binafsi vimepewa haki ya kujitoa, na karibu vyote vimejitoa. Mwanafunzi asiyejua hayo anaweza kuvunja sheria kwa kuvuka mlango mmoja tu. Angalau tulionyeshwa tangazo la kukataza bastola linaloitwa 30.06, ambalo ni lazima liandikwe kwa Kiingereza na Kihispania kwa herufi zenye kimo kisichopungua inchi moja, na ambalo mwenye leseni akilikuta hana budi kurudi.

Hata somo la kuhifadhi silaha lilihusu nyumba yenye watoto peke yake, bila kumtaja mwanafunzi anayeishi chumba kimoja na mwenzake. Septemba 2016, wiki chache baada ya sheria kuanza, bastola ya mwanafunzi mwenye leseni ilifyatuka kwa bahati mbaya katika bweni la Chuo Kikuu cha Tarleton State, ikawa heri kwamba hakuna aliyejeruhiwa. Miezi miwili kabla, bodi inayosimamia mfumo wa Chuo Kikuu cha Texas ilikuwa imeifuta kanuni iliyopendekezwa Austin ya kukataza kubeba bastola yenye risasi iliyo tayari mtutuni, kwa hiyo uamuzi huo ameachiwa mbebaji mwenyewe. Darasa linalomwandaa mbebaji huyo lilipaswa kulijadili jambo hilo kwa kina.

Jambo lililonitia hofu zaidi ni kwamba hakuna aliyetuuliza kuhusu viza. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu aliyeingia Marekani kwa viza ya muda, wakiwemo wanafunzi wenye viza ya masomo ya F-1, kuwa na bunduki, bastola au risasi, isipokuwa awe amekidhi masharti machache kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji, na tangu mwaka 2022 adhabu yake inaweza kufikia miaka 15 gerezani. Kuishika silaha ya kukodi katika uwanja wa shabaha nako kunahesabika. Mkaazi wa kudumu hazuiwi na kifungu hicho, naye ninamshauri alipie darasa kwa moyo mweupe, pamoja na dola 40 za maombi ya leseni, baada ya kuzisoma kanuni za chuo chake na kumuuliza mwalimu kama atazijadili. Ninyi wadogo zangu mlio kwenye viza ya masomo, msilipie darasa hili, na mkialikwa na wenzenu kwenda kujaribu shabaha mwishoni mwa juma, kataeni hadi wakili wa uhamiaji awape jibu kwa maandishi.